Jiwe Lenye Mguu wa Samaki

Boti ya mpira ilizidiwa na mzigo, na Kirstine Hovgaard alilisema hilo mara tatu. Lakini sikio la kufa halisikii dawa. Profesa Preben Lauge, aliyezeeka akigonga miamba myekundu ya Grinlandi ya Mashariki, alikuwa ameramba jiwe moja, kama wafanyavyo watu wa kazi hiyo, na ulimi ukanata. Mfupa wa kale hunata, jiwe tupu halinati. Ndani yake mlikuwa na samaki mwenye mguu: mfupa mmoja juu, miwili chini, kisha vidole vinane. Ni jamaa wa wale waliotangulia kutoka majini, ambao chura, ng'ombe na profesa mwenyewe wametokana nao.

Akalivisha jiwe plasta, yaani bandeji zilizolowa jasi, lisivunjike njiani, akalitia kwenye kasha la mbao. Bandeji za kazi zilipoisha, akamaliza zile za huduma ya kwanza.

"Na tukiumia?" Kirstine, aliyekuwa fundi wake kwa miaka kumi na tisa, alimuuliza.

"Nani aumie? Kesho tuko nyumbani."

Asubuhi iliyofuata, wakiwa majini, mlima wa barafu ulimeguka ndani ya ghuba. Boti nyepesi ingepanda wimbi. Yao iligeuka kama sufuria na kutupwa kwenye miamba ya ufukweni. Redio ikaenda, chakula kikaenda. Kasha la jiwe likamwangukia Preben mguuni, kwenye maji ya magoti.

Kirstine alilisukuma kando, akapapasa mguu.

"Mfupa mnene umekatika. Mwembamba umepona."

"Jiwe kwanza," Preben akasema, meno yakigongana. "Maji yanajaa. Mimi nitatambaa."

"Unasemaje?"

"Maprofesa tuko tele, Kirstine. Lile ni moja tu duniani!"

"Una mjukuu wa miezi minne, mpumbavu wewe!"

Alivunja mbao za kasha, akazifunga mguuni kwa mikanda, maana bandeji zilikuwa zimevaliwa na samaki. Akamburuta hadi juu. Nyuma yao maji yalifunika plasta nyeupe, na vipande vya barafu vikaanza kulisaga jiwe. Preben akalia. Hakuwa akiulilia mguu, na hilo ndilo lililomkera Kirstine kuliko baridi.

Kibanda cha wawindaji, chenye redio, kilikuwa umbali wa kilomita kumi na moja. Alimlaza juu ya kipande cha boti, akavuta kwa kamba begani siku mbili, juu ya changarawe na theluji mpya ya Septemba. Walikunywa maji ya barafu. Soksi kavu zilikuwa jozi moja, akamvisha Preben.

"Limekaa salama miaka milioni mia tatu na sitini," Preben alinung'unika. "Wewe umelimaliza kwa nusu saa."

"Funga mdomo. Sukuma kwa mguu mzima."

Kufika kibandani, Kirstine hakuzihisi nyayo zake. Aliita msaada kwa redio, akawasha jiko, wakangoja helikopta.

Wiki moja baadaye, katika hospitali ya mji wa Akureyri, ng'ambo ya bahari, Preben aliingia chumbani kwa Kirstine kwa kiti cha magurudumu. Alikuwa ameonyeshwa picha ya eksirei ya mguu wake: mfupa mmoja juu, miwili chini, kama wa samaki. Uso ulikuwa umemshuka.

"Bila wewe ningekufa. Kiangazi tutarudi kulitafuta. Likipatikana, samaki yule nitampa jina lako."

Katika kazi yao hakuna heshima kubwa kuliko hiyo. Kirstine alifunua blanketi. Mguu wa kushoto ulikuwa umebaki na vidole viwili.

"Samaki wako alikufa zamani, Preben. Vidole vyangu vimekufa Jumanne. Jina sitaki. Andika zilikokwenda bandeji za huduma ya kwanza, utie sahihi, wanafunzi wako wasome."

Preben aliutazama mguu ule. Mara hii hakubisha. Akaomba kalamu.