Karte ya Mzungu Mwenye Fimbo

Nilitoka kutafuta gundi tu. Ilikuwa Jumamosi, mwaka 2001, jua linashukia milimani, na soko la Baraka, mji wetu kando ya ziwa, lilikuwa linafungwa haraka haraka kwa sababu askari hawakutaka kuona mtu njiani gizani.

Kazi yangu ilikuwa kutengeneza makaratasi. Vita vilinipa wateja. Kila bariyeri ya askari njiani ilidai kitambulisho, na vitambulisho vya watu vilikuwa vimelowa ziwani, vimekatika mifukoni, vimeliwa na panya. Mimi, Isidore, nilivisafisha na kuviunganisha.

Gundi sikupata. Nikawa narudi nyumbani. Pembeni mwa meza tupu za samaki, mwanamke mmoja alikuwa bado amekaa mbele ya mkeka wake. Sikumjua. Alijifunika kitenge mpaka puani. Juu ya mkeka palikuwa na vijiko, kufuli lisilo na ufunguo, kiatu kimoja.

Na karte, kadi ya picha.

Niliinama. Chini ya uchafu mweusi nikaona mzungu amevaa kofia, ameweka fimbo nene begani.  Kule kambi ya wakimbizi Tanzania, mwalimu mmoja mzungu alikuwa akituonyesha karte za namna ile, za wachezaji wa besiboli, mchezo wa kwao wa kupiga mpira kwa fimbo. Alisema ile ya zamani kabisa inaweza kununua nyumba.

Nyumba! Mimi nilikuwa ninalala chini ya shitingi ya plastiki.

"Mama, hii karte ni ngapi?"

"Mi sitaki franga," alinong'ona. "Unipe ile kifungo ya shati yako."

Nilicheka. Yeye hakucheka. Nikakata kifungo cha juu kwa meno, nikamwekea kiganjani. Kiganja kilikuwa baridi... baridi kama samaki wa jana.

"Umetoa kwa mukono yako," akasema. "Ni muzuri."

Nilitembea hatua kumi, nikageuka. Mkeka haukuwepo. Mwanamke hakuwepo. Ilibaki harufu ya mshumaa uliozimwa sasa hivi.

Niliogopa, sitaficha. Lakini nilikuwa na nyumba mfukoni. Na wazo langu la kwanza, naapa, lilikuwa hili: nitagawana na Bonaventure.

Bonaventure alikuwa rafiki yangu tangu benchi la kwanza la shule. Mwezi wa Oktoba 1996, tulipokimbia vita, nilikuwa na homa, siwezi kusimama. Alinibeba mgongoni siku mbili mpaka kwenye mtumbwi. Watu waliacha wazazi wao njiani. Yeye hakuniacha.

Jumapili baada ya misa nilifunga mlango, nikaanza kazi. Kwanza unyoya wa kuku, kutoa vumbi. Halafu mkate. Nilichukua sehemu yake laini, nikaifinyanga kama udongo, nikaiviringisha juu ya karte polepole. Uchafu ukaanza kutoka. Mkate ukawa mweusi, ukanuka moshi... na nywele zilizoungua.

Uso wa mzungu ukatokea. Mwanzoni alikuwa anatazama pembeni. Nina hakika.

Sasa alikuwa ananitazama mimi.

Nikaigeuza upesi. Nyuma ilikuwa imepakwa nta. Nta huikwangui, unaitoa kwa joto. Nikalaza karatasi safi juu yake, nikapitisha pasi ya makaa, kidogo tu.

Hhhaaa...

Mtu alipumua. Chini ya pasi.

Nikainyanyua. Hapakuwa na kitu. Karatasi ilikuwa imenyonya nta yote, na maandishi ya penseli yalikuwa yametokea. Majina.

Roger. Limekatwa kwa mstari.

Marie. Limekatwa kwa mstari.

Isidore.

Langu halikuwa na mstari.

Roger alikuwa mvuvi wa Lweba, binamu ya Bonaventure. Alizama siku ambayo ziwa lilikuwa limetulia kabisa. Marie alikuwa dada yake Bonaventure wa tumbo moja. Alilala mzima, asubuhi hakuamka. Baada ya Roger, Bonaventure alipata dhahabu kule migodini Lulimba. Baada ya Marie, alipata zaidi. Sisi tulisema Mungu anamfariji.

Mwandiko niliujua, ni wa Bonaventure. Ile R yenye mkia mrefu nilikaa karibu nayo miaka sita shuleni. Na pembeni ya jina langu kulikuwa na tarehe: Oktoba 1996.

Mwezi ule ule. Nilipokuwa mgongoni mwake, natetemeka, namwambia Mungu atamlipa, alikuwa tayari ameniandika. Hakuwa amebeba rafiki. Alikuwa amebeba mali yake, isipotee njiani.

Sikulia. Nilikamata mkate mpya, nikafuta jina langu. Likakataa. Nikafuta tena. Kifua kikabana, pumzi ikawa fupi, kama ninajifuta mwenyewe. Mwisho likatoka. Ikabaki nafasi nyeupe.

Nilifika kwake jua likizama. Mke wake, Solange, alikuwa anakaanga ndakala, vidagaa vya ziwani, uani.

"Shemeji, karibu! Utakula na siye."

Akaingia ndani kuleta maji ya kunawa. Niliweka karte mezani. Bonaventure aliitazama, na uso wake ukapoteza rangi.

"Ulipita ku soko," alinong'ona.

"Nani alionyesha ule mama njia yangu?"

Alitazama mlango alikoingia Solange.

"Bona. Nani?"

"Ni miye."

Nilikaa. 

"Kuandika muntu haitoshi," akasema. "Anapashwa kutoa kitu yake kwa mukono yake, bila kujua. Roger alitoa ndoano. Marie alitoa chanuo. Weye hukukutana naye mpaka jana. Alikuwa ananisumbua. Kila mwaka anakuulizia."

"Ni nani?"

"Sijui. Nilimukuta ku Lulimba, chini ndani ya shimo. Uso yake sijaiona."

"Nilikuwa ndugu yako, Bona."

"Ndiyo. Anaomba ndugu. Muntu wa bure hakubali."

Aligeuza karte, akaona ile nafasi nyeupe. 

"Umefuta?"

"Nimefuta."

Akapiga magoti. Akalia kweli, kamasi na machozi. "Uniachie niitupe ku ziwa, fasi ya maji murefu. Leo inaisha. Unisamehe, ndugu yangu."

Ningeichoma. Makaa yalikuwa palepale chini ya ndakala. Lakini nilikuwa namwona yule aliyekaa na mimi benchi moja.

Nikampa.

Solange akarudi na maji. Bonaventure alipangusa uso.

"Solange, unipe kitambaa yako nifunike hii kitu."

Akakivua kichwani, akamnyooshea huku anacheka. "Kamata. Lakini utanirudishia, ni ya kanisa."

Nilimwona akikitoa. Kwa mkono wake. Nilikuwa hapo hapo, nanawa, na sikufikiri kitu.

Alhamisi Solange alikufa.

Wauguzi walisema ni kolera, ulikuwa msimu wake. Labda. Lakini hakuna mwingine aliyeugua nyumbani mle, na sote watatu tulikula sahani moja.

Makaburini Bonaventure alisimama karibu na mimi. Alilia mbele ya watu wote. Halafu akanishika mkono, akainama sikioni mwangu.

"Aksanti kwa kunisafishia fasi ya jina."

Kesho yake akaondoka kwenda Lulimba.

Nilikwenda kwa Eugène, kaka yake Solange, nikamwambia yote. Alisikiliza bila kutikisika.

"Hiyo karte iko wapi?"

"Nilimupa Bonaventure."

"Baada ya kufuta jina yako."

"Ndiyo, yaya," nilisema, kama kwa kaka mkubwa.

"Na kitambaa? Ulikuwa unaona anatoa?"

"Nilikuwa naona."

Akasimama. Akafungua mlango, akangoja nitoke.

Tunakaa njia moja. Mpaka leo hanisalimu, na mimi simlaumu. Bonaventure hajarudi Baraka. Watu wanaotoka Lulimba wanasema tu kwamba shimo lake bado linatoa dhahabu.