Kofia ya Elfu Tisini

"Wifi Intisar!"

"Abee."

"Umezimaliza hizo bei?"

"Kitambo! Sikuhangaika na saizi moja moja. Nimezichagua zote pamoja, nikaandika elfu tatu. Hata ile saizi ishirini na tatu uliyokosea ukaiwekea elfu tisini, nimeirekebisha."

Kulthum akaweka sindano chini.

"Nani kakwambia nilikosea?"

Intisar, mke wa kaka yake, aliolewa hapo Bofu mwaka jana tu. Angejuaje? Aliloambiwa ni kuwa uzi umepanda, bei za kofia kwenye duka lao la mtandaoni zipande, basi. Kofia za vito, zile za vitundu vilivyodariziwa kwa mkono, saizi sita. Waliofika kwenye ishirini na tatu walicheka wakapita, na Kulthum alitaka wapite.

Ishirini na tatu kilikuwa kichwa cha Ghalib. Miaka tisa iliyopita, wakiwa wachumba, alikipima kwa uzi barazani kwa kina mamake, Ghalib akijifanya anafinywa. Alikuwa amshonee kofia ya harusi, kama wafanyavyo mabibi harusi wa kwao. Ghalib akaenda Doha, akisema ni kazi ya miaka miwili tu. Simu zikapungua, mwisho zikakatika. Tangu hapo, Kulthum akiishika saizi ile machozi humtangulia, na kuifuta dukani hakuweza. Akaipandisha bei asiinunue mtu. Moyo huo jamani!

"Irudishe haraka!"

"Umechelewa, wifi. Oda imeingia sasa hivi. Saizi ishirini na tatu, ya kupelekwa Changamwe. Jina Ghalib... Wifi, mbona wanipokonya simu?"

Chini ya oda palikuwa na ujumbe:

"Assalamu alaikum Kulthum. Nimerudi, mwaka wa pili huu. Kila Ijumaa nafungua duka lako, naiona elfu tisini, najua bado umenikasirikia. Leo umeishusha. Ahsante kwa kunisamehe."

Kulthum akacheka na kulia kwa pamoja. Akaipiga namba iliyokuwa kwenye oda.

"Sikuishusha mimi, Ghalib. Ni wifi yangu, hakujua."

"Basi niwie radhi. Nilijipa matumaini bure."

"Mbona ulinyamaza miaka yote hiyo?"

"Kazi ilikatika mapema. Nikabaki huko na vibarua, nikaona haya kukwambia. Nikawa nasema kesho n'tampigia, kesho n'tampigia... Haya zikanishinda, wallahi."

"Nimeposwa mara mbili. Nimekataa mara mbili. Wajua hilo?"

"Silijui."

Angeweza kukata simu hapo, na mambo yakaisha kabisa. Lakini sauti ilikuwa ile ile, iliyokuwa ikipita dirishani mwezi wa Ramadhani kuuliza kama kaimati zimebaki, hali sahani yake imeshafunikwa kando. Kulthum alimpenda bado. Hasira zote zile, na bado.

"Ifute oda," akasema.

"Nimekuelewa, Kulthum."

"Hujanielewa. Kofia ya bwana harusi hainunuliwi. Leta wazee wako kwa baba, Ijumaa baada ya sala."

Upande wa pili, Ghalib, mtu mzima, alikuwa akilia bila kujificha.

"Inshallah n'tawaleta. Na mimi nije?"

"Njoo na hicho kichwa. Miaka tisa hii si ajabu kimenenepa, yataka nikipime upya."