Matairi Mapya ya Sista Lydiah

Sista Lydiah Wacera alikutwa ameulalia usukani wa Peugeot yake, koti lake jeupe la ukunga limefungwa vifungo vyote. Gari lilikuwa limegeuka, linatazama lilikotoka, na ubavu wake umejikunja kwenye mkaratusi kando ya barabara ya Outer Ring. Ilikuwa saa tisa alasiri, Jumatatu moja ya Aprili 1978, na mvua ya masika ndiyo kwanza inapungua.

Inspekta Simiyu alivua kofia. Nani katika mtaa wa Jericho hakumjua mwanamke huyu? Watoto wawili wa Simiyu mwenyewe walipokelewa na mikono ile.

"Alikuwa anakwenda kasi?"

"Hapana, afande," alijibu Sajini Opiyo, mkaguzi wa magari, aliyekuwa amechutama matopeni. "Alama zinaonyesha aliingia kona taratibu. Mbele kukashika, nyuma kukamtoroka. Gari likazunguka kama pia."

"Kwa nini?"

Opiyo aligonga gurudumu la mbele kwa kalamu. "Huku ana matairi mapya kabisa. Nyuma ni vipara vitupu. Tairi kipara huelea juu ya maji. Likiteleza la mbele, dereva hulihisi kwenye usukani, akapunguza mwendo. Likiteleza la nyuma, hana habari mpaka gari limekwisha kugeuka." Alisimama, akajifuta mikono. "Aliyeweka mapya mbele ndiye aliyemuua."

Ndani ya gari walikuta risiti ya Jumamosi. *Mbeti, Fundi wa Matairi, Burma.*

Walipofika soko la Burma, habari ilikuwa imewatangulia. Umati ulikuwa umekizunguka kibanda cha Mbeti na mabati mawili yalikwisha kung'olewa. Sauti iliyopaa kuliko zote ilikuwa ya Ngigi, mwalimu wa udereva kwa miaka ishirini, mtu aliyemfundisha hata marehemu.

"Nilikuwa hapa Jumamosi!" alipiga kelele. "Nimemwona kwa macho yangu akiyaweka mbele! Nikamkanya, hakusikia!"

Mbeti alisimama mlangoni na spana mkononi. Alikuwa mama wa miaka arobaini hivi, ovaroli yake imejaa viraka.

"Mama," Simiyu alimwita, "matairi ya Sista uliyaweka wapi?"

"Nyuma."

"Nimeyaona mbele."

"Basi si kazi yangu hiyo, Bwana Inspekta. Mimi sijaweka jozi mpya mbele tangu nishike jeki."

Umati ukamzomea. Jiwe likapita juu ya kichwa cha Opiyo. Simiyu alimpakia Mbeti kwenye Landrova, na wengi wakashangilia wakidhani amekamatwa.

Kituoni alimpa chai. Hakuigusa.

"Nani alikufundisha kwamba mapya huwekwa nyuma?"

"Hakuna. Miaka tisa naletewa magari yaliyoanguka mvuani. Kabla sijatengeneza, natazama. Yaliyogeuka kinyume, karibu yote yalikuwa na vipara nyuma. Mtu akiona jambo hilo mara thelathini, anahitaji shule ya nini?"

"Una ushahidi wowote? Maana Mwalimu Ngigi anaapa."

Mbeti alimtazama usoni. "Kila rimu ninayoigusa naipaka rangi kwa ndani, upande usioonekana. Mstari mmoja, gurudumu la mbele. Miwili, la nyuma. Sipendi kazi yangu ichanganywe na ya mtu mwingine. Nenda ukatazame."

Simiyu alikwenda, maana gari lilikuwa limevutwa hadi uani na kuwekewa askari tangu lifike. Opiyo alifungua magurudumu na kuyalaza chini. Kwenye rimu zenye matairi mapya, zilizotoka mbele, palikuwa na mistari miwili miwili ya rangi nyeupe. Kwenye zile za vipara palikuwa na mmoja mmoja.

"Huenda alikosea kupaka," Opiyo alisema, bila imani.

"Twende tukahakikishe."

Asubuhi yake walisimamisha magari matano ya wateja wa Mbeti. Yote matano yalikuwa na alama hizo, na hakuna hata moja iliyokosewa. Kisha Simiyu akaingia kwenye bucha iliyopakana na kibanda. Mwenyewe, Hared, alikuwa ananoa kisu.

"Mzee Hared, Jumamosi ulikuwapo?"

"Nilikuwapo."

"Nani alisema mapya yawekwe mbele?"

"Ngigi. Alibishana mpaka mate yakamkauka. Mama Mbeti akamwambia hapana. Ngigi akamgeukia Sista, amtetee. Sista akasema, 'Mwalimu, leo nitamsikiliza Mbeti.' Watu wakacheka. Magurudumu mapya yakafungwa nyuma, mimi naona."

"Mbona jana hukusema?"

Hared aliweka kisu chini. "Jana watu walikuwa na mawe. Niliogopa, na sijivunii."

Saa nne Ngigi aliketi mbele ya Simiyu, tai imenyooka, viatu vinang'aa.

"Mwalimu, magurudumu yale yalihamishwa baada ya kutoka Burma."

"Mimi nimesema nilichoona."

"Aliyehamisha si fundi, ni mtu wa kubahatisha. Hakujua hata kukaza nati. Moja ilikuwa inacheza. Nadhani ndiyo iliyomuua Sista."

"Haiwezekani."

"Kwa nini haiwezekani?"

"Uongo huo! Nati zote zilikazwa! Nilikanyaga spana kwa mguu mwenyewe, nati moja baada ya..."

Nje, karani alikuwa anapiga taipu. Ngigi aliitazama mikono yake kana kwamba imemsaliti.

"Endelea, Mwalimu," Simiyu alisema polepole.

Ngigi alilegeza tai. "Jumapili, alipokuwa kanisani. Gari lilikuwa nje ya nyumba yake. Jirani aliniona, akanisalimu tu. Nani angemshuku mwalimu wake?"

"Ulitaka afe?"

"La! Naapa kwa Mungu, la. Niliamini namsaidia." Akatikisa kichwa. "Hapana. Hata huo ni uongo. Miaka kumi na moja aliniita mwalimu. Kisha siku moja, mbele ya Burma nzima, akamchagua mama wa spana. Nilisema, wiki ikiisha atasifu gari lilivyoshika barabara. Hapo nitamwambia, mbele ya wale wale waliocheka, kwamba kazi ni yangu."

"Na alipokufa?"

"Niliona afadhali mama yule afungwe kuliko mimi niitwe mjinga."

Simiyu aliandika maneno hayo kama yalivyosemwa. Ngigi akatia sahihi. Mashtaka yalikuwa mawili: kuua bila kukusudia, na kuwapa polisi taarifa ya uongo.

"Inspekta," Ngigi aliuliza, "kweli ni nyuma?"

Simiyu alifungua mlango, akamwita Mbeti, aliyekuwa amelala kituoni kwa usalama wake. Mbeti aliingia, akasimama. Angeweza kumtukana, na hakuna ambaye angemlaumu.

"Mbele una usukani, Mwalimu," alisema. "Mbele kukiteleza, bado una la kufanya. Nyuma huna kitu. Ndiyo maana nyuma hupewa lililo bora."

Ngigi aliomba karatasi.

"Ya nini?"

"Nimefundisha watu zaidi ya mia tatu. Wote niliwaambia mapya mbele. Nawakumbuka majina, na wengi nawajua wanakokaa."

Aliandika mpaka jua likatua, karatasi tisa, na Simiyu akawapa askari wawapelekee watu hao ujumbe.

Kesho yake Simiyu alisimama katikati ya Burma, kofia kichwani na vifungo vyote vimefungwa, akatangaza kwa sauti ya gwaride kwamba kazi ya Fundi Mbeti ilikuwa sahihi tangu mwanzo. Hared ndiye aliyekuwa wa kwanza kuokota bati na kulirudisha mahali pake. Hakuna aliyezomea.

Siku ya Ijumaa, Volkswagen ya buluu ilisimama mbele ya kibanda. Nyuma yake lilikuja gari jingine, kisha la tatu, mpaka foleni ikafika barabarani. Mwanamume mmoja alishuka, ameshika kofia kwa mikono miwili.

"Hodi, fundi. Tumetumwa na Mwalimu Ngigi. Amesema tuje kwako, utuambie ukweli."

Mbeti alilitazama gari, akaitazama foleni yote. Alikunja mikono ya ovaroli.

"Karibuni," alisema. "Anzeni kwa kufungua magurudumu ya nyuma."