Pengo Katika Jina

Kilichoanza ni harufu ya maziwa ya mama. Mtunza kumbukumbu wa kliniki ya watoto aliinusa Jumatatu asubuhi, ndani ya chumba chake, mahali ambapo hakuna anayenyonyesha. Akafungua dirisha basi. Alikuwa hoi, wiki mbili mfululizo alikuwa akihamisha majina ya watoto kutoka faili la zamani kwenda mfumo mpya, na hata kushangaa kulimchosha.

Jumanne ikaja sauti ya kunyonya nyuma ya kabati, taratibu, kama mtoto aliyeshika ziwa tupu.

Jumatano mchana mama mmoja aliingia bila kubisha hodi, mtoto mgongoni, kadi mpya mkononi.

"Dada, jina la mwanangu mmelifanya nini?"

"Limekosewa herufi?"

"Herufi zote zipo. Pengo ndilo halipo." Akashusha sauti. "Walizaliwa wawili. Mmoja hakufika jioni. Bibi yao ni mganga, akasema aachiwe nafasi nne kati ya jina la mwenzake na la baba, akae humo atulie. Akikosa pa kukaa kwenye jina, atahamia kifuani mwa mwenzake. Hebu msikilize."

Akamsikiliza. Pumzi mbili zilikuwa zikigombea pua moja.

Akaigeukia kompyuta. Kosa aliliona papo hapo, na lilikuwa lake. Programu aliyoiandika ilichukua kila jina, ikalihifadhi kwa muda kwenye kigeu, kijisanduku cha ndani ya programu, kisha ikalitoa humo na kulipeleka kwenye mfumo mpya. Lakini wakati wa kulitoa hakukizungushia kile kigeu alama za nukuu, kwa uchovu tu. Na bila alama hizo, nafasi nne hubanwa kuwa moja.

"Nipe dakika mbili, mama."

Alipogusa alama ya kwanza harufu ya maziwa ikachacha, ikajaa chumba kizima, na ile sauti ya kunyonya ikatoka nyuma ya kabati ikaja chini ya meza, na vidole vidogo vyenye majimaji vikamshika kifundo cha mguu, vikapanda gotini, vikapanda tumboni, vikipapasa, vikitafuta ziwa, naye akaendelea kuandika huku machozi yakimtiririka, maana mtoto pale mgongoni alikuwa amekaukiwa na kilio na midomo yake inageuka rangi.

Akabonyeza. Pengo likarudi. Vidole vikaachia.

Mtoto akavuta pumzi moja, ndefu, akalala.

"Mungu akupe nguvu, dada," mama yule akanong'ona, akatoka kwa kunyata.

Mtunza kumbukumbu alibaki akiyapitia majina kwenye faili la zamani. Yenye pengo kama lile yalikuwa kumi na saba. Mojawapo lilikuwa la binti yake mwenyewe. Kadi ya mtoto huyo aliijaza bibi yake, siku mtunza kumbukumbu alipojifungua kwa upasuaji, akiwa bado kwenye usingizi wa dawa.

Akampigia mama yake simu.

"Mama, siku ile nilipopasuliwa... alizaliwa mmoja?"



"Nani amekwambia, mwanangu?"