Shimo Lenye Kiu

Udongo wa mfinyanzi haunywi maji kwa pupa. Mpima udongo alilijua hilo fika, ndiyo maana asubuhi ile alipochungulia shimo alilolichimba nyuma ya jiko la watu, alipiga magoti alitazame vizuri. Jana yake alilijaza maji kwa mkono wake mwenyewe, kama kazi inavyotaka, ili udongo ushibe kabla ya kupimwa. Sasa lilikuwa kavu, kuta zake zikipukutika kama unga.

"Si ndiyo vizuri?" alisema mwenye nyumba, ambaye mafundi walimwita Bwana Chapuchapu. "Maji yanazama, karo la choo linajengwa, mama watoto anaacha kuninunia."

"Yanazama mno, kaka."

"Na wewe nawe. Yakikaa kosa, yakiondoka kosa." Akaenda zake kazini akicheka.

Mpima akajaza tena, akashusha rula. Maji yakashuka kwa mafunda, gu, gu, gu, kisha ikafuata pumzi ndefu, kama ya mtu anayetua kikombe. Harufu ya kinywa kilicholala na njaa ikampanda usoni. Hapo ndipo alipotambua kwamba tangu aamke amekuwa akinywa maji bila kukoma, na ulimi bado umeganda kwenye kaakaa.

Alimpigia simu shangazi yake, mganga, akinong'ona.

"Shangazi, shimo linakunywa."

"Nani amelimwagia?"

"Mimi. Peke yangu."

"Basi jini la humo limeuonja mkono wako. Litakunywa wewe mpaka ukauke. Lifukie sasa hivi. Utaugua sana, nywele zitakutoka, lakini utapona."

"Hakuna njia nyingine?"

"Ipo, mwanangu. Usiniulize."

"Shangazi, tafadhali."

"Mkono mwingine ukilimwagia, litakuacha, litamshika huyo. Nimesema na tayari najuta. Chukua koleo."

Akalichukua kweli, lakini alipoinama midomo ilimpasuka, na mate aliyotaka kumeza hayakuwapo, na kule chini kitu kikavuta pumzi taratibu kikimngoja, na macho yakamkwaruza ndani ya kope kana kwamba yametiwa mchanga, na machozi aliyoyataka yakagoma kuja, mpaka koleo likamponyoka, naye hakuliokota.

Mke wa mwenye nyumba akatokea mlango wa jiko, mtoto mchanga kifuani. "Dada, mbona umepauka hivyo? Nikusaidie nini?"

Mpima alimtazama yeye, kisha mtoto.

"Limwagie shimo maji tu, mdogo wangu," alisema kwa upole. "Mimi nitashika rula."

Mama akamlaza mwanawe kwenye mkeka kivulini, akainua ndoo, akamwaga. Shimo likanywa.

"Kumbe kazi yenyewe ndiyo hii? Ningeiomba mimi."

Mate yakajaa kinywani mwa mpima, mengi, matamu. Akayameza.

"Udongo unafaa?"

"Unafaa. Asante, mama."

Alikuwa amefika getini na vifaa vyake aliposikia mtoto akinyonya, akaachia ziwa, akalia.

"Nyonya, baba," mama alibembeleza, sauti imeanza kukwaruza. "Nyonya basi. Leo kuna nini?"

Mpima akalifunga geti polepole, lisigonge.