Kufuli la Nje

Kilichomsimamisha Purity ni mlio: tak! Alikuwa ameingia duka la Nur, katikati ya Eldoret, kununua rangi. Gauni lake jipya la njano lilimganda mgongoni kwa jasho. Mwanamume aliyekuwa akijaribu kufuli kwenye kaunta aligeuka. Ni Kimeli.

"Purity? Mrembo wangu, ni wewe?"

"Hilo kufuli ni la nini?"

"Si unajua uchaguzi ni mwezi ujao?"

"Siku hizi ni makufuli tu yanatoka, dada," alisema Nur.

Mwaka 2008, baada ya uchaguzi, Wakikuyu kama Purity walipokuwa wakichomewa nyumba, Kimeli, Mkalenjin, alimficha chumbani mwake mtaa wa Pioneer, akatia kufuli nje na kuapa kwamba ndani hamna mtu. Vijana waliliona kufuli, wakaamini. Purity hakuwahi kulikana jambo hilo. Lakini barabara zilipofunguliwa, kufuli lilibaki. "Bado kidogo, mpenzi," Kimeli alimwambia kila asubuhi. Majirani waliosikia sauti waliambiwa ni binamu, anaugua. Purity alipoanza kuzungumza na ukuta, akawa anaugua kweli. Siku Kimeli aliposahau kufunga, Purity alitorokea Timboroa kwa shangazi yake, aliyempeleka kliniki. Hadi leo hulala mlango ukiwa wazi, hata kukiwa na baridi.

Baada ya kukutana dukani, Kimeli alipiga simu kila jioni.

"Sweetheart, rudi kwangu. Nitakulinda."

"Utanifungia? Siku hizi nalala mlango wazi, hata kwenye baridi."

"Kwa usalama wako tu."

"Basi kwanza ingia wewe."

Jumamosi alasiri Kimeli aliingia chumbani mwake, kile kile cha Pioneer, akicheka. Tak! Purity akamfungia kwa nje, akasimama kando ya ua, ufunguo mfukoni. Mara msafara wa bodaboda wa kampeni ukakata kona, honi na kelele. Waliomwita Kimeli msaliti walipojua alimficha Mkikuyu bado waliishi mtaa huo. Simu ya Purity ikalia.

"Purity, hao ni nani?"

"Sijui."

"Wamesimama hapa?"

"Nyamaza, watakusikia."

"Fungua basi, aki!"

"Bado kidogo, mpenzi."

Maneno yalimtoka kwa urahisi, na yalikuwa matamu. Utamu huo ulimtisha kuliko honi. Alikimbia, akafungua.

Kimeli hakutoka. Alikuwa amechuchumaa nyuma ya kitanda, pale pale Purity alipozoea kuchuchumaa.

"Wameenda?" alinong'ona.

"Wameenda. Toka polepole."

Ilimchukua muda kusimama. Kisha akachukua bisibisi, akang'oa vyuma vya kufuli mlangoni, kimoja kimoja.

"Nitaweka komeo ndani," alisema. "Ufunge mwenyewe ukitaka."

"Na nisipotaka?"

"Tutalala na baridi yako."

Purity alicheka kidogo.

"Nije Timboroa kuposa?" Kimeli aliuliza.

"Njoo. Lakini uchaguzi uishe kwanza, tukiwa hai."

Honi zikarudi barabarani. Wote wawili wakautazama mlango. Hakuna aliyesogea kuufunga.