Kifungo cha Juu cha Sweta la Kibata

Hakuna mtoto nchi hii asiyeijua sauti yangu. Haya, nimetia chumvi. Wanaoijua ni watoto wa chekechea ya mtaa wa pili, na hao wenyewe hupewa biskuti kwanza ndipo wakubali kukaa.

Sauti yangu ni ya Bibi Bata. Nairekodi ndani ya kabati la nguo, katikati ya mablanketi yaliyotundikwa ili kelele za barabarani zisiingie. Kabati ni la binti wa kaka yangu, prodyuza wa katuni za watoto wadogo. Katuni zake ni za upole: hapigwi mtu rungu la kichwa, halipuki mtu. Huyu ananawa mikono, yule anasubiri zamu yake kwenye bembea, basi. Nilipoanza kazi nilimuuliza mbona humu hamna hata mwizi. Siku hizi Kibata, mjukuu wa Bibi Bata, akipoteza soksi, natoa machozi.

Siku ninayoisimulia nilikuwa humo kabatini, mlango nimeuacha wazi kidogo kwa ajili ya hewa. Kwa ajili ya hewa, nimesema.

Sebuleni, ambako ndiko ofisini, prodyuza wangu amesimama mbele ya kamera kavaa sweta la vifungo. Mbele yake yupo Kifutio. Kifutio ndiye mchoraji. Jina hilo tulimpa sisi kwa sababu anafuta kuliko anavyochora. Kijana mrefu, mtaratibu, anashika penseli kama mtu aliyeshika yai. Kazi yake ni kumfanya bata atembee, apige miayo, avae nguo. Na kabla hajachora tendo lolote, huwa wanalitenda wao wenyewe mbele ya kamera, ili aone vidole vinakwendaje. Filamu yenyewe ilimhusu Kibata anayeshindwa kufunga sweta lake, na anaona haya kumwambia bibi yake "nisaidie".

Vifungo vya chini vilikuwa vimeshapita siku nyingi. Kilichobaki ni cha juu, kile cha karibu na shingo.

Kile kifungo, wapenzi wasomaji, kilikuwa na mkosi. Kila Kifutio akimaliza kukichora, prodyuza anarudi na uso wa msiba: kituo cha televisheni kimekataa. Mara kifungo kimefungwa haraka mno. Mara bawa la Bibi Bata limekaa kama anamkaba mjukuu. Mara wanataka Bibi Bata amtazame Kibata machoni kwanza. Basi sweta linavaliwa upya, kamera inawashwa upya, Kifutio anaiinamia shingo ya bosi wake upya. Jua limewaka nje, mwanamke yumo ndani ya sufu, jasho linamchuruzika, na sijapata kumwona ana raha vile.

Mimi nilishaelewa zamani. Tatizo la Kifutio ni kwamba alikuwa anatazama kifungo.

Lakini siku hiyo alikuja na jambo. Hakuligusa sweta.

"Bosi, leo ndiyo mwisho wangu."

"Mwisho kivipi? Si bado wanataka..."

"Najua bado wanataka. Ndiyo maana."

Akamnyooshea simu. Prodyuza akausoma ujumbe kwa sauti, polepole, kama mtoto anayeanza kusoma: "Nafasi yako ipo. Kuchora matangazo ya sabuni. Tupe jibu leo kabla ya saa kumi, kuna mwingine anasubiri."

"Sabuni," akasema. "Wewe, ukachore sabuni."

"Sabuni haina shingo, bosi."

Kabatini nikauma blanketi nisicheke.

Kifutio akaeleza yote. Ofisi hiyo iko mji mwingine, mbali, na kwenda hataki. Ila usingizi umemkimbia. Tangu utotoni watu walimsifia mkono wake, leo mkono huohuo umeshindwa na kifungo. Akipita barabarani anakiona kwenye shati la kila mtu. Na kama kituo kinakataa kila siku, basi kibaya si kifungo.

"Mkono wangu umeisha," alisema. "Nakuchelewesha tu. Tafuta mwenye mkono mzima."

Hapo nilimwona mwanangu akipauka. Uongo alioutunga ili Kifutio abaki naye, kumbe ndio uliokuwa unamfungia mizigo. Ilitakiwa sentensi moja tu ya kweli. Akafungua mdomo. Na mimi kabatini nikafungua wangu, kama mtu anayemlisha mtoto uji.

"Wamesema safari hii umekaribia sana," akasema.

Nilitamani nitoke na hanga ya nguo nimchape.

"Nani kasema?"

"Yule mama wa kituo, meneja wa vipindi. Kasema una kipaji. Ila kile kifungo tu."

Kifutio akachekea puani, akaanza kukunja waya wa kibao chake cha kuchorea. Akimaliza kukunja ule waya, ameondoka. Hilo hata kipofu angeliona.

Simu ya prodyuza ikaita. Ilikuwa rafuni, karibu kabisa na mlango wa kabati, na imeunganishwa na zile spika kubwa wanazosikilizia filamu. Nikatoa mkono.

"Shangazi, usipokee."

Nilikuwa nimeshabonyeza. Uzee huu, vidole havisikii.

"Dada, afadhali umepokea," sauti ya meneja wa vipindi ikajaa sebule nzima. "Mbona hunijibu? Ile filamu ya sweta tuliipitisha tangu ulipoileta mara ya kwanza. Nikakuandikia kabisa, 'Imepita, msiguse kitu.' Mnagusa nini tena?"

Waya ukasimama mkononi mwa Kifutio. Meneja akaendelea kumwaga sifa. Kifungo cha juu kilimliza yeye, kikamliza na dereva wa ofisi. Anataka filamu nyingine kumi na mbili, na mchoraji awe yuleyule, asibadilishwe.

"Haloo? Mmenipotea?"

"Tupo," Kifutio akajibu. Kisha akamgeukia bosi wake. "Hawakukataa."

"Mtandao ulikuwa unasumbua..."

"Hata mara moja hawakukataa."

"Hata mara moja," akakiri.

"Nani alisema kimefungwa haraka mno?"

"Mimi."

"Na bawa?"

"Mimi."

"Na aliyetaka Bibi Bata amtazame Kibata kwanza?"

Prodyuza akashika kola ya sweta kwa mikono miwili.

"Nilitaka wewe unitazame mimi. Unavyokitazama kile kifungo, mtu anatamani kuwa kifungo. Nikasema labda siku moja utainua macho kidogo. Mkono wako hauna kosa lolote. Nenda kwenye sabuni ukitaka, lakini usiende ukidhani umeshindwa."

"Nimejiona mjinga siku zote hizi."

"Najua. Nisamehe."

"Nikawa namchukia na huyo mama wa watu bure."

"Mimi?" spika zikauliza.

 Kifutio alisimama palepale, uso umekaza. Kisha akatoa simu yake, akaandika, akamwonyesha. Nilirefusha shingo nikasoma na mimi: "Asanteni sana. Nafasi mpeni huyo anayesubiri. Mimi nina kazi ya kifungo."

Akasogea. Kamera ilikuwa imezimwa. Safari hii aliinua macho kwanza, akayaacha hukohuko juu, vidole vikatafuta kifungo vyenyewe.

"Hivi?"

"Haraka mno," prodyuza akasema, machozi na kicheko pamoja. "Rudia."

Nikapiga makofi. Hanga zote zikaniangukia, na mimi na mablanketi tukatoka kabatini kwa pamoja. Ndipo wakakumbuka kwamba nipo.

"Shangazi," mwanangu akaniuliza, "wewe ulikuwa unajua?"

"Nijue nini? Nilikuwa nakariri maneno yangu ya Bibi Bata, sijasikia kitu. Na huyo mama wa kituo simjui, sauti yake ndiyo kwanza naisikia leo."

Spika zikakoroma kidogo. Yule mama alikuwa hajakata simu.

"Shangazi, hiyo sauti yako hata usingizini naijua. Si wewe uliyenipigia asubuhi, ukaniambia nipige saa hizihizi na niongee kwa nguvu?"